Bustani ya Nyumbani: Ua la Manjano la Chini ya Miyombo

Tukipita katika mitaa ya Lubumbashi, Likasi au Kipushi, twaona jamaa nyingi zinazopenda maua, na jambo hili latufurahisha. Lakini tukiuliza maua yale yalitoka wapi, jibu ni karibu moja tu: ng'ambo. Bugenvilia ilitoka Amerika ya Kusini. Jakaranda, ambazo kila mwaka hutia rangi ya zambarau njia kubwa za Lubumbashi, zilitoka hukohuko. Hata kana zinazopandwa mbele ya makanisa yetu asili yake ni Amerika. Hatusemi kwamba ni vibaya. Mgeni aliyekaa miaka mingi kwa adabu huwa mwenyeji. Ila twashangaa kwamba mtu aliyezaliwa katikati ya miyombo hadhani hata kidogo kwamba miyombo ile ina ua lake linalostahili kukaa mlangoni pake.

Ua tunalotaka kuwaeleza leo, wataalamu wa mimea huliita Costus spectabilis. Jina la kwenu waulizeni babu na bibi, na watoto waliandike katika daftari, maana majina ya namna hiyo hupotea upesi hata kuliko mimea yenyewe. Mmea huu ni ndugu wa mbali wa tangawizi, lakini hauinui shina juu. Mvua zikiisha kuanza, majani manne mapana na manene hutoka ardhini na kulala chini kabisa, yakielekea pande nne kama msalaba, na mara nyingi ukingo wake huwa mwekundu. Katikati yake hufunguka ua la manjano safi, laini kama karatasi nyembamba, kubwa karibu kama kiganja cha mtoto. Ua moja huishi siku moja tu. Kisha jingine hufunguka palepale. Siku za Noeli, mvua zinapokuwa nyingi, ndizo siku zake.

Wengine watauliza: Faida yake nini? Haliwezi kuchumwa likatiwa katika chombo cha altare, maana halina shina, na jioni limekwisha kunyauka. Ni kweli. Ua hili haliletwi kwa mtu. Mtu huliendea na kuinama. Kwa maoni yetu hiyo si sababu ya kulidharau. Wenzetu wa Nijeria walipopata uhuru wao mwaka 1960, ua hilihili waliliweka katika nembo ya nchi yao, kwa kuwa kwao pia laota. Sisi huku twalikanyaga tukienda kutafuta uyoga.

Basi, mwenye kutaka kulipanda na afikiri kwanza juu ya kivuli. Wengi husema kwamba chini ya miti hakuoti kitu, wakionyesha udongo mtupu chini ya mwembe wao. Lakini mwembe si muyombo. Majani ya miyombo yamegawanyika vijani vidogo vidogo, na jua hupita katikati yake likaanguka chini vipande vipande, likihamahama mchana kutwa. Kivuli cha namna hiyo ndicho ua letu limezoea. Chini ya mwembe karibu na shina ni giza tupu, msilipande hapo. Pandeni pembeni, pale matawi yanapoishia, au chini ya mti wa avoka uliopunguzwa matawi, au upande wa nyumba upatao jua la asubuhi tu. Udongo usiwe wa kutuamisha maji. Kama kiwanja chenu ni cha udongo mzito mwekundu, changanyeni mchanga kidogo na majani ya miti yaliyooza, kisha inueni mahali pale kama tuta dogo. Shina lake fupi lilalo ndani ya udongo lifukieni vidole vitatu hivi, mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua kushika. Maji msimwage, mvua itajua kazi yake.

Sasa twafika penye shida, nayo si ya kupanda bali ya kungoja. Mwezi wa nne au wa tano, mvua zikikoma, majani yale manne huwa ya manjano, hukauka, hupotea. Hakubaki alama yoyote juu ya ardhi. Mama mwenye nyumba hufagia pale kila asubuhi kama mahali pengine, watoto hupanga mawe ya mchezo, mtu humwaga maji ya kufulia, na mwezi wa saba baba huona mahali patupu akapanda mchicha. Mmea lakini haukufa. Umelala chini na mizizi yake iliyovimba, ambamo umeweka akiba ya chakula cha miezi mitano au sita. Kinachouua ni jembe, na zaidi ya jembe ni yale maji ya kufulia: katika usingizi wake wataka ukavu, na ukilowa huoza.

Hatuwakatazi akina mama kufagia. Kiwanja kilichofagiwa humwonyesha nyoka mapema, na ni heshima ya nyumba. Ila zungusheni mawe mahali pale ulipolala mmea, na ndani ya mawe ufagio usiingie, na majani makavu yaachwe kuufunika. Waambieni watoto kuna nini humo. Mtoto aliyeambiwa hulinda kuliko ua wa miti.

Yabaki swali la kuupata. Sokoni hauuzwi, na hatupendi watu waende kuung'oa katika msitu uliosimama vizuri, sembuse katika hifadhi kama Upemba. Lakini kuna mahali pengi ambapo kesho hapatakuwa na msitu. Mji wa Lubumbashi wapika kwa makala, nayo makala hutoka katika miyombo. Kila mwenye lori ajua kwamba siku hizi huendewa mbali kuliko zamani. Hatumlaumu mchoma makala: ana watoto wa kulisha na ada ya shule ya kulipa, nasi tunaoandika haya chai yetu huchemka juu ya makala yake. Twataka tu ajue jambo moja. Moto wa porini hupita kwa dakika chache, na vidole vinne chini ya ardhi udongo haujapata joto. Ndiyo maana ua hili limeishi na moto tangu zamani, na hutoka tena penye majivu. Tanuri la makala ni jambo jingine. Linawaka siku nyingi bila kuzimika, na ardhi iliyo chini yake huiva kama tofali. Hapo hakuna mzizi utakaopona.

Tena matanuri mengi hujengwa kiangazi, wakati mmea umelala wala hauonekani. Mwenye kuwa na ndugu au jirani afanyaye kazi hiyo amwombe ampeleke mahali anapokusudia kukata, mvua zikiwapo bado. Kila penye majani manne chini achomeke kijiti kirefu kisichoanguka upesi. Mwezi wa tano arudi na chepe, achimbe kwa upana wa kofia, maana mizizi ile hukatika kwa urahisi, autie mmea pamoja na udongo wake katika kikapu, auweke mahali pakavu penye kivuli hadi mwezi wa tisa. Kijiti kisipochomekwa kabla ya mwezi wa nne, mwezi wa tano hakuna atakayejua pa kuchimba.