Ulinzi Huu wa Pasifiki ni wa Nani?

Kwa miaka kadhaa sasa mataifa makubwa yamekuwa yakigombea urafiki wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki kwa pupa isiyofichika. Mwezi wa Septemba 2021 Marekani, Uingereza na Australia zilitangaza mapatano yao ya kijeshi yaitwayo AUKUS. Mwezi wa Aprili 2022 Serikali ya Visiwa vya Solomon ikatia sahihi mkataba wa usalama na China. Mwezi wa Oktoba 2025 Papua New Guinea nayo ikafunga mkataba wa kulindana na Australia. Kila mmoja wa wakubwa hao asema kwamba amekuja kulinda. Sisi twauliza: kumlinda nani, na kumkinga na nini?

Swali hili si la kejeli, maana watu wa Pasifiki wamekwisha kuuonja ulinzi wa wakubwa. Mwezi wa Februari 1946 afisa wa jeshi la majini la Marekani aliwaomba wenyeji wa Bikini, watu 167, wahame kwao kwa muda ili bomu la atomiki lijaribiwe kwa manufaa ya wanadamu wote. Wakahama. Tangu mwaka huo hata 1958 mabomu 67 yalilipuliwa katika Visiwa vya Marshall. Majivu ya bomu la tarehe 1 Machi 1954 yaliwaangukia watu wa Rongelap wakiwa bado majumbani mwao. Baadhi ya watu wa Bikini walirudishwa kwao baadaye, lakini mwaka 1978 wakaondolewa tena, kwa kuwa ardhi ilikuwa ingali na sumu.

Ufaransa nayo haikuwa na mwendo tofauti. Ilianza kujaribu mabomu yake mwaka 1960 katika jangwa la Sahara, nchini Algeria. Algeria ilipokwisha kujitawala, majaribio hayo yalihamishiwa Polynesia, yakaendelea huko tangu 1966 hata 1996. Basi Mwafrika asizisome habari hizi kama hadithi za mbali. Bomu lililoondoka katika ardhi ya Afrika ndilo lililokwenda kulipuka Moruroa.

Wako wasemao kwamba nchi ndogo haiwezi kujilinda peke yake, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanakumbusha kwamba mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliivamia New Guinea na Visiwa vya Solomon, na kwamba hayakuondolewa kwa maneno bali kwa damu iliyomwagika Guadalcanal na kwingineko. Kwa hofu hiyo Australia na New Zealand zilifunga mkataba wa ANZUS na Marekani mwaka 1951. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kuomba msaada ni jambo moja, na kukabidhi uamuzi wa nchi ni jambo jingine.

Tuitazame New Zealand yenyewe. Mwaka 1984 wananchi walikipa ushindi Chama cha Labour chini ya David Lange, ambacho kiliahidi kuzuia silaha za atomiki zisiingie nchini. Mwaka 1985 manowari USS Buchanan ilikataliwa, kwa kuwa Marekani ilikuwa na desturi ya kutosema kama manowari zake zimebeba silaha hizo au hazikubeba. Mwaka 1986 Marekani ikatangaza kwamba haina tena wajibu wa kuilinda New Zealand. Je, nchi ile iliangamia? La hasha! Mwaka 1987 ilitunga sheria ya kukaza uamuzi wake. Na mwezi wa Novemba 2016 manowari nyingine ya Marekani, USS Sampson, iliingia katika maji yake chini ya sheria ile ile, ikaenda kuwasaidia watu wa Kaikoura waliopatwa na tetemeko la ardhi. Urafiki ulirudi, na sheria ikabaki.

Leo mashindano ni baina ya Marekani na wenzake kwa upande mmoja, na China kwa upande wa pili. Hatuoni sababu ya kumpamba yeyote kati yao. Mkataba wa Solomon na China ulitiwa sahihi bila ya wananchi kuonyeshwa maneno yake. Australia, iliyoulalamikia sana, ilitia sahihi mkataba na Tuvalu mwaka 2023 unaoitaka Tuvalu ikubaliane kwanza na Australia kabla ya kufunga mapatano ya usalama na nchi nyingine. Tuvalu, ambayo bahari inaimeza, imepata kwa hayo nafasi ya watu 280 kuhamia Australia kila mwaka. Hatuwalaumu wanaotafuta pa kuokokea. Twamlaumu aliyeuona msiba wa jirani akautilia masharti.

Wenyeji wenyewe wamekwisha kulitaja tishio lao kubwa. Mwaka 2018, katika Azimio la Boe, viongozi wa visiwa walitamka kwamba ni mabadiliko ya hali ya hewa. Tena walikwisha kufunga mkataba wao wenyewe huko Rarotonga mwaka 1985, wa kupiga marufuku silaha za atomiki katika Pasifiki ya Kusini. Lakini mipango ya nyambizi za AUKUS ilikisiwa kuigharimu Australia peke yake baina ya dola zake bilioni 268 na bilioni 368. Fedha hizo hazijengi ukuta wa kuzuia maji hata katika kisiwa kimoja.

Hatusemi kwamba nchi ndogo ziishi bila ya marafiki. Twasema mkataba wa haki husomwa hadharani, hujadiliwa na Bunge, huwa na siku ya kwisha, wala haumfungi mtu asizungumze na jirani mwingine. Usiokuwa na mambo hayo ni pingu, hata ukiitwa ngao. Wahenga walisema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Wazaliwa wa Pasifiki ni watu wa visiwa vyenyewe, na umoja wao ndio ulinzi wa kwanza. Wanachama na wafanyakazi wanaosoma habari za mikataba mipya wasiishie kuuliza ni mkubwa gani aliyeshinda. Waulize kama mwenye nyumba amebaki na ufunguo wake.