Mate yanaweza kugundua saratani ya matiti? Bado, na sababu ni hizi

Tema mate kidogo, subiri, jua kama una saratani ya matiti. Habari za aina hii zinasambaa haraka kwenye magrupu ya WhatsApp, na inaeleweka kwa nini. Hakuna sindano, hakuna kuvua nguo mbele ya mtu, hakuna nauli ya kwenda hospitali ya rufaa.

Mwaka 2024, watafiti wa University of Florida na wenzao wa Taiwan walionyesha kifaa cha mkononi kinachopima mate na kutoa majibu ndani ya sekunde 5. Bodi yake ya umeme inagharimu kama dola 5. Mitandao ikachangamka. Wachache walisoma hadi pale palipoandikwa kuwa sampuli zilizopimwa zilikuwa 21 tu.

Kifaa kile kilitafuta protini mbili, HER2 na CA15-3. Watafiti wengine wanatafuta kitu tofauti kwenye mate: dalili za mkazo wa oksidesheni.

Mkazo huo ni nini?

Mwili ukitumia oksijeni kutengeneza nguvu, unabakiza chembe kali zinazoweza kuharibu mafuta, protini na DNA ndani ya seli. Kwa kawaida mwili unazizima wenyewe. Zikizidi uwezo wake, huo ndio mkazo wa oksidesheni.

Seli za saratani huzalisha chembe hizi kwa wingi. Uharibifu wake huacha alama, na baadhi hupita kwenye damu hadi kwenye mate. Kuna MDA, inayotokana na mafuta yaliyoharibika. Kuna 8-OHdG, inayotokana na DNA iliyojeruhiwa. Kuna pia vimeng'enya vya kinga, kama katalezi. Huko Omsk, Urusi, timu ya Lyudmila Bel'skaya imepima mate ya mamia ya wanawake wenye saratani ya matiti ikifuatilia mabadiliko ya namna hii.

Kwa hiyo sayansi ipo. Shida iko kwenye kuitafsiri.

Moshi unaonekana, nyumba haijulikani

Viashiria hivi vinakuambia kuna moshi. Havikuambii nyumba ipi inaungua. Sigara inavibadilisha. Kisukari pia. Fizi zinazotoka damu ndizo kikwazo kikubwa zaidi, maana ziko hapohapo mdomoni. Hata mate ya asubuhi hayafanani na ya jioni.

Sasa piga hesabu. Tuseme tunacho kipimo kizuri, kinachopatia mara 90 kati ya 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Tunapima wanawake 1,000, na 10 kati yao wana saratani. Kitawapata 9. Lakini kitawatia hofu wengine 99 ambao hawana kitu. Na yule mmoja aliyekosewa atarudi nyumbani akiamini yuko salama, huku uvimbe unakua.

Wauzaji hawasubiri

Maneno haya ya oksidesheni yameshaingia sokoni. Utakutana na unga, juisi na vidonge vya "kuondoa sumu" vinavyodaiwa kukinga saratani. Kuwa makini. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki utafiti ambao ndani yake baadhi walipewa vidonge vya beta-karotini, kirutubisho kinachopambana na chembe hizo kali. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Kinachookoa maisha leo

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na saratani ya matiti na watu 670,000 walifariki. Tanzania, takribani wagonjwa 8 kati ya 10 hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya 3 au ya 4. Wengi wao uvimbe ulishaonekana zamani. Kilichochelewa ni safari kutoka kuuona hadi kuanza matibabu.

Ndiyo maana WHO inataka mgonjwa apate majibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituoni kwa mara ya kwanza. Mate huenda siku moja yakasaidia kuamua nani atangulie kwenye foleni ya altrasaundi. Hayataondoa haja ya kuchukua kinyama na kukipima maabara.

Ukiona uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu imeingia ndani ghafla au inatoa damu, au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, nenda kituo cha afya wiki hii. Hata kama hauumi. Hata kama kuna kipimo cha mate kilichosema uko sawa. Ukifika, uliza maswali mawili: nitapigwa altrasaundi na kuchukuliwa kinyama lini, na majibu yatachukua siku ngapi?