Njia Hujulikana kwa Mwendo wa Miguu



Nchini Marekani, kando ya mto Potomac, ipo njia ya udongo yenye urefu wa kilomita 297, itokayo Cumberland hadi Georgetown, katika jiji la Washington. Leo waendesha baiskeli huisafiri kwa siku kadhaa, wakilala katika mahema karibu na maji. Hata hivyo haikutengenezwa kwa ajili ya burudani. Ilikuwa njia ya nyumbu, uzao wa punda na farasi, waliovuta kwa kamba mashua zilizojaa makaa ya mawe katika Mfereji wa Chesapeake na Ohio, ulioanza kuchimbwa mwaka 1828 na kufika Cumberland mwaka 1850. Jamaa nzima ziliishi mashuani, na mara nyingi watoto ndio waliotembea na nyumbu kutwa. Kijana wa kwetu aliyewahi kusukuma baiskeli yenye magunia ya makala hadi mjini ataelewa upesi kuliko mtalii.

Mafuriko ya mwaka 1924 yalikomesha safari za mashua. Miaka thelathini baadaye kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara ya magari mahali hapo, na gazeti la Washington Post likauunga mkono. Jaji William O. Douglas wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo akafanya jambo ninalolisifu sana: aliwaalika wahariri watembee pamoja naye njia nzima, kisha waseme. Nao wakaja. Mwezi wa Machi 1954 msafara ulitembea siku 8. Wengi walianza, watu 9 tu wakaimaliza njia yote. Gazeti likalegeza msimamo wake, na mwaka 1971 mahali pale pakawa hifadhi ya taifa.

Hoja ya wahariri haikuwa ya kijinga: barabara ingewawezesha watu wengi zaidi kuyaona mandhari yale. Ila mimi nadhani Douglas alikuwa na haki. Katika gari mtu huona miti ikipita. Hajui matope baada ya mvua, wala umbali ambao mtoto yule aliutembea. Anayetaka kuamua juu ya njia ya watu na aipite kwanza kwa jasho lake, tena pamoja na wale wanaompinga.

Nawalaumu kidogo hata baadhi ya waendesha baiskeli, wale wanaokimbilia kuhesabu kilomita. Bahati njema, lipo handaki la Paw Paw, lenye urefu wa mita 950 hivi, lililoanza kuchimbwa mwaka 1836 na kufunguliwa mwaka 1850. Ndani ni giza na njia ni nyembamba; msafiri hushuka, huwasha taa, akaisukuma baiskeli polepole. Na kwenye malango ya maji ya mfereji, akiweka mkono juu ya mawe ya ukingo, atagusa mifuo iliyochimbwa na kamba za mashua.