NDEGE YA MTUMBA: TAWI LETU LINATAKA KUONA VITABU KWANZA



Tangu Jumapili makundi yetu yote yamejaa picha za ile jeti nyeupe. Wengi mmetuuliza msimamo wa tawi, na wengine mmeshaanza kuahidi michango. Kamati ya Utendaji ya Tawi ilikaa jana jioni. Msimamo wetu ni huu, na utapelekwa kwa maandishi ngazi ya kata ili upande mpaka jimbo.

Kwa ambao hawakuuona ujumbe wenyewe: linapendekezwa chama kinunue ndege aina ya Hawker 800 iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, yenye viti vinane, kwa dola 900,000. Mfadhili mmoja atatoa nusu, na nusu ya pili ichangwe na wanachama kupitia matawi. Ujumbe unasifu kwamba ndege "imetumika kidogo" na kwamba imepumzika hangani miaka minne. Unamalizia kwa kutuhimiza amana ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi kwa kuwa kuna mteja mwingine anaitaka. (Huyo mteja mwingine tunamfahamu sote. Yupo kwenye kila kiwanja kinachouzwa mjini.)

Hatupingi chama kuwa na ndege. Nchi ni kubwa, msimu wa kampeni ni mfupi, na viongozi wetu wamezoea kulala njiani. Tunachopinga ni kutoa fedha za wanachama kwa ajili ya chombo ambacho hakuna mtu wetu aliyefungua hata ukurasa mmoja wa vitabu vyake.

Wengi wetu tumeagiza gari kutoka Japani kwa kuangalia picha. Likifika na injini mbovu, unashuka Gerezani, unatafuta injini nyingine ya mtumba, unafunga, maisha yanaendelea. Ndege haiko hivyo hata kidogo. Kipuri cha ndege kisicho na cheti chake ni chuma chakavu, hata kiwe kinang'aa namna gani. Kuna sehemu ndani ya injini na kwenye miguu ya ndege ambazo zina ukomo wa maisha. Ni lazima ionyeshwe kwa karatasi zimeruka mara ngapi tangu siku ya kwanza zilipotoka kiwandani. Karatasi zikikatika katikati, hata kama ni za mwaka mmoja tu, sehemu hiyo huhesabiwa haina historia na hutupwa. Ndiyo maana anayejua biashara hii huomba vitabu kabla ya kuomba picha. Tumetumiwa picha 14 na video moja ya viti vya ngozi. Vitabu hakuna.

Sasa tuje kwenye hilo la "imetumika kidogo", maana ndilo lililowavutia watu wengi. Hesabu ya ndege haiendi kwa saa za kuruka peke yake. Kuna ukaguzi unaokuja kwa saa, mwingine kwa idadi ya kuruka na kutua, na mwingine kwa kalenda. Ule wa kalenda haujali kama ndege iliruka au ililala. Hawker ina ukaguzi mkubwa wa kila miezi 48, ambao mafundi hufungua sakafu, viti na vifuniko kutafuta kutu na nyufa. Ndege iliyolala miaka minne maana yake ukaguzi huo ama umefika ama umepita, na atakayeulipia ni mnunuzi.

Na kulala kwenyewe kuna madhara. Mipira ya kuzuia mafuta hukauka na kupasuka. Maji hujikusanya kwenye matangi, na ndani ya mafuta yenye maji huota vijidudu ambavyo huacha uchafu unaokula tangi. Injini isiyowashwa, kama haikuhifadhiwa kwa utaratibu wake na utaratibu huo ukaandikwa kitabuni, hushika kutu kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki. Kama hanga hilo liko karibu na bahari, hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo muuzaji anaposema imepumzika, sisi tunasikia kwamba imeachwa. Ndege ya umri uleule iliyokuwa ikiruka saa 300 kila mwaka chini ya fundi mmoja tungeiamini zaidi kuliko hii.

Injini ndiyo pesa yenyewe. Hawker 800 ina injini mbili aina ya TFE731, zilizoanza kwa jina la Garrett na leo ziko chini ya Honeywell. Kwa kawaida hufunguliwa kwa ukaguzi wa kwanza zikifika saa 2,100, na kwa ukaguzi mkubwa wa moyo wa injini zikifika saa 4,200. Huo mkubwa ni mamia ya maelfu ya dola kwa kila injini, na ukifanywa kwa zote mbili unaweza kukaribia bei ya ndege nzima tunayoombwa kuichangia. Sasa chukua ndege mbili za rangi moja, mwaka mmoja, bei moja. Moja injini zake zimebakiza saa 300, nyingine zimebakiza saa 3,500. Ya kwanza ni deni lenye mabawa. Ujumbe uliosambazwa hausemi yetu ni ipi kati ya hizo.

Kuna wamiliki ambao huweka injini kwenye mpango wa kulipia kidogokidogo kwa kila saa inayoruka, ili siku ya ukaguzi mkubwa gharama iwe imeshalipwa. Mpango huo ukiwa hai, thamani ya ndege hupanda sana. Ukiwa umekatika kwa kutolipwa, mnunuzi hubeba mzigo wote. Swali hili hujibiwa kwa barua moja tu kutoka kwa wenye mpango. Tumeliuliza kwenye kundi la jimbo tangu Jumatatu, tukajibiwa kwa alama ya dole gumba.

Mengine tunayapitia kwa haraka. Hawker mpya hazitengenezwi tena: kampuni ya Hawker Beechcraft iliingia kwenye ufilisi Mei 2012, ilipotoka mwaka uliofuata iliacha kutengeneza jeti, na 2014 ikanunuliwa na Textron. Vipuri bado vipo, lakini ndege zinazovigawana zinazeeka kila mwaka. Jirani zetu Kenya wanalijua jambo la namna hii: ndege yao ya rais, Fokker 70, ilifika mwishoni mwa 1995, na kiwanda chenyewe kikafilisika Machi 1996. Halafu kuna anga la juu. Tangu 2008 ndege inayoruka kati ya futi 29,000 na 41,000 barani Afrika inahitaji kibali maalumu cha vipimo vyake vya kimo. Ndege ikibadilisha mmiliki na nchi ya usajili, kibali hicho huombwa upya, na bila kibali unabaki chini, ambako jeti hunywa mafuta zaidi. Hata ikiwa juu, Hawker hula karibu lita 1,000 kwa saa. Inataka marubani wawili kila safari, wenye mafunzo ya aina hiyo ya ndege, na mafunzo hayo hurudiwa kila mara nje ya nchi. Bima, hanga na mishahara vinalipwa hata mwezi ambao ndege haijaruka.

Na itatua wapi? Hili tungependa wenzetu waliopendekeza walitazame kwenye ramani ya kampeni iliyopita. Hawker iliyojaa inahitaji karibu mita 1,700 za lami kuruka ikiwa usawa wa bahari, siku isiyo na joto. Bukoba ina takriban mita 1,500, na iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mbio za kuruka hurefuka. Dodoma, Mwanza, Songwe na KIA itatua bila shida. Lakini mgombea akishuka Tabora bado anahitaji gari kwenda Sikonge, Urambo na Kaliua, na kura zetu ziko huko. Chopa inatua uwanja wa mpira. Caravan inatua kwenye changarawe. Jeti hii itatupeleka kwenye miji ambayo tayari kuna ndege za abiria.

Wenzetu wana hoja moja yenye nguvu, na hatutaki kuifunika. Wakati wa kampeni ndege za kukodi hugombaniwa, bei hupanda, na kuna wenye ndege wanaoogopa kuonekana na chama fulani. Ni kweli. Ila fedha hizohizo za amana zinaweza kufunga mkataba wa kukodi mapema, kwa saa zinazojulikana, huku matengenezo, bima na marubani vikibaki kwa mwenye ndege. Kampeni ikiisha, gharama nazo zimeisha.

Kuna la heshima pia. Tumesimama majukwaani miaka mingi tukihoji Gulfstream ya serikali iliyonunuliwa kwa makumi ya mamilioni ya dola. Wananchi wana haki ya kutuhoji na sisi, wakianza na huyo mfadhili wa nusu: ni nani, na anataka nini? Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inataka michango iwekwe wazi. Tusisubiri kukumbushwa na Msajili.

Kwa hiyo tawi letu halitakusanya hata shilingi ya ndege hii mpaka mambo yafuatayo yafanyike. Vitabu vyote vikaguliwe na mhandisi wa ndege mwenye leseni tutakayemlipa sisi, si wa muuzaji. Ndege ipelekwe karakana ambayo haijawahi kuihudumia, injini ziingizwe kamera kwa ndani, na ripoti isomwe mbele ya wajumbe. Rejista ya kimataifa ya rehani za ndege, ile ya Dublin, itazamwe kama kuna benki inayoidai ndege hiyo. Amana ikae kwa mtu wa tatu, na irudi ripoti ikiwa mbaya. Muuzaji akikataa hata moja kati ya haya, tumwachie yule mteja wake mwingine.

Waliokwisha kutuma michango kwa simu, fedha zenu ziko kwa Mweka Hazina na hazijaenda popote. Njooni na ujumbe wa muamala mrudishiwe, au muelekeze ziingie kwenye mfuko wa mawakala wa vituo. Mkutano wa tawi ni Jumamosi saa 10 jioni, palepale ofisini. Mwenye ndugu au jirani aliyefanya kazi ya ufundi wa ndege, tafadhali aje naye.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.
Wasambazie wanachama wa tawi.