Ramu ya Bei Poa: Usiihukumu kwa Kazi Isiyo Yake

Mwezi huu nimeletewa kesi, na mshtakiwa ni chupa.

Shosti wangu mmoja, mwaka wa pili sasa katika ndoa, aliandaa chakula cha jioni kwao Tabata. Nyama choma, ndizi, kachumbari, muziki wa taratibu, kila kitu bomba. Mumewe ndiye aliyeshika idara ya vinywaji. Kando ya bia akaweka chupa ya ramu nyeupe ya bei chee. Kaka mkubwa wa bibie alipofika, akamiminiwa toti moja kavu, bila barafu, bila chochote. Akapiga funda, akakunja uso, akauliza, "Shemeji, hii ni ya kunywa au ya kuwashia jiko?" Watu wakacheka. Mke hakucheka.

Wageni walipoondoka, ngoma ikaanza. "Umeniaibisha mbele ya ndugu zangu." Mume naye, "Kinywaji ni kinywaji, nyie mnapenda majina makubwa tu." Wiki mbili nzima chupa ikakaa juu ya friji, hakuna anayeigusa wala kuitaja. Shosti aliponipigia simu akisema anataka kuimwaga, nikamwambia asubiri. Jumamosi nikatia ndimu kwenye mkoba, huyo, Tabata.

Jua kwanza unanunua nini

Ramu inatokana na muwa. Nyingi hutengenezwa kwa molasi, ile rojo nyeusi inayobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Inachachushwa kwa hamira, inachemshwa, na mvuke wake unapoozwa na kukusanywa. Ramu nyeupe za bei ya kawaida nyingi hupita kwenye mitambo mirefu inayoondoa ladha nzito na kuacha kinywaji chepesi.

Weupe, hata hivyo, haumaanishi kwamba ramu haijawahi kuliona pipa. Kuna zinazolala kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja au zaidi, halafu zinachujwa kwa mkaa hadi rangi itoke. Mtindo huo wa wepesi na mkaa ndio uliompa jina Facundo Bacardí, aliyeanzisha kampuni yake Santiago de Cuba mwaka 1862. Eneo hilohilo, karibu na machimbo ya chuma ya Daiquirí, ndiko daiquiri ilikopatia jina mwishoni mwa karne ya 19: ramu nyeupe, ndimu na sukari, basi. Kwa hiyo ramu nyepesi na kokteli ni watoto waliolelewa nyumba moja.

Kuna ndugu zao wa upande mwingine. Jamaica wana ramu nyeupe zenye harufu kali ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, kama Wray & Nephew Overproof yenye asilimia 63 ya kilevi. Martinique wao hutumia zaidi juisi ya muwa badala ya molasi, na huinywa ramu yao karibu kavu, na kipande cha ndimu na sukari kidogo tu. Wanaiita ti' punch. Hivyo mtu akikwambia ramu nyeupe hainyweki kavu, muulize, ipi?

Kikao cha glasi tatu

Tukakaa mezani watatu, mume kanuna kidogo. Nikawaambia chupa itahukumiwa mara tatu.

Glasi ya kwanza ni kavu. Mimina toti moja, iwe na joto la chumbani. Usiitoe friza, maana baridi inaficha makosa. Iache dakika tatu hivi, kisha inuse mdomo ukiwa wazi kidogo ili makali yasikupige puani. Yetu ilianza kwa kuchoma, halafu kwa mbali ikaja vanila na ganda la ndizi. Mdomoni ilikuwa nyembamba: moto wa ghafla kooni, kisha kimya. Ramu nzuri ya kunywa kavu inakuachia kitu cha kufikiria baada ya kumeza. Hii ilikuachia koo tu. Kavu imechemsha, na kaka mtu hakukosea.

Glasi ya pili, ongeza maji sawasawa na ramu. Ile ya asilimia 40 sasa inakuwa 20, moto unashuka, na siri zinatoka. Hapa ndipo ramu mbovu inapojianika: harufu ya plastiki, ya dawa, au ya kile kimiminika cha kutolea rangi ya kucha. Ukikuta hayo, hata kokteli haitakuokoa. Yetu ilibaki safi. Utamu kidogo, muwa kidogo, hakuna kinyaa. Mume akaanza kunyanyua kichwa.

Glasi ya tatu ni daiquiri. Chukua mililita 60 za ramu, 25 za ndimu iliyokamuliwa muda huohuo, na 20 za shira ya sukari na maji vipimo sawa. Tia barafu nyingi, funga kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, tikisa kwa nguvu kama sekunde 15, chuja kwenye glasi. Swali ni moja: je, ramu bado inasikika, au unakunywa ndimu yenye makali? Yetu ilisikika. Ile ndizi ya mbali ikajitokeza, ndimu ikaikata, shira ikawapatanisha. Shosti akaonja, akamtazama mumewe, akaonja tena.

Mbona hatukuweka kola? Kola ni hakimu mwenye huruma mno. Ina sukari, viungo na gesi, kwa hiyo karibu kila ramu inafaulu kwake. Ukitaka kuiburudikia chupa, sawa, weka na kipande cha ndimu upate Cuba Libre. Ukitaka kuijua, tumia daiquiri.

Hukumu

Chupa ile haina hatia, ilipelekwa tu kwenye kazi isiyo yake. Kwa kuchanganya, pesa ilitumika vizuri. Na hesabu inapendeza: chupa ya mililita 750 inatoa daiquiri 12. Gawanya bei yake kwa 12, ongeza ndimu na sukari, kisha linganisha na unachotozwa hotelini.

Kama mgeni wako ni wa kunywa kavu, mnunulie chupa ndogo ya ramu iliyokaa kwenye pipa miaka kadhaa. Toti mbili nzuri zinampa heshima kuliko chupa nzima ya kumkunja uso. Bajeti ikikataa, mtengenezee kokteli kabla hajaomba kavu. Na dafu likiwepo, usiliache. Visiwa vya Karibi wanachanganya ramu na maji ya dafu toka zamani, nasi pwani madafu tunayo.

Sasa, tukiwa kwenye glasi ya tatu, mume akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Mwezi ule mshahara ulichelewa. Niliona aibu kukwambia, nikanunua niliyoiweza." Mezani kimya. Shosti akaweka glasi chini. "Ungeniambia, ningekamua ndimu."

Nikajifanya natafuta barafu jikoni. Wiki mbili walikuwa wanagombea chupa, kumbe wanagombea sentensi moja isiyosemwa. Wapendanao, bei ya kinywaji haiwezi kukuaibisha kama mwenzio anaijua tangu dukani. Mkijua wote mfuko unasemaje, mnapanga: hii tuchanganye, ile tumwekee kaka. Mmoja akificha, mwingine anaumbuka mbele za watu bila kujua kwa nini.

Kabla hujamimina

Bei poa isikupeleke uchochoroni. Nunua duka linaloeleweka, kagua stempu ya kodi kwenye chupa na kizibo kama hakijaguswa. Pombe haramu huweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua, na hiyo huwezi kuitambua kwa kuonja wala kunusa. Majaribio yangu ya glasi tatu hayafanyi kazi hapo.

Pili, kokteli inadanganya. Mililita 60 za ramu ya asilimia 40 zina kilevi karibu sawa na bia ya nusu lita ya asilimia tano, ila daiquiri inaisha kwa mafunda sita na inateleza kama juisi. Hesabu glasi, weka maji na chakula mezani, na anayeendesha asinywe au aite teksi. Mjamzito na asiyetumia kilevi wawekee ndimu, nanaa, shira na soda ya maji kwenye glasi nzuri ileile, na asiulizwe maswali.

Mwezi uliofuata kaka mkubwa alialikwa tena. Safari hii hakuona chupa; aliona glasi yenye baridi ikitoka jikoni. Akamaliza, akafuta mdomo, akauliza kama kuna nyingine. Mke na mume wakatazamana. Chupa ilikuwa ya aina ileile, na sasa wote wawili walijua bei yake.

Tukutane mwezi ujao.