Vigumba vya Babu



Juma lililopita, masomo yalipokwisha, mwanafunzi mmoja wa Katuba alibaki darasani peke yake. Alitoa mfukoni kitambaa kikuukuu akakikunjua juu ya meza yangu. Ndani yake vilikuwamo vigumba vitano vya mishale, vyeusi kwa kutu na moshi. Vilikuwa vya babu yake, mtu wa upande wa Bukama, aliyefariki mwaka jana. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa tayari kuvichukua pamoja na jembe lililovunjika na sufuria iliyotoboka, vyote kwa kilo. Kijana alitaka nimwambie kama bei ilikuwa ya haki.

Kabla ya kujibu habari ya bei, nilimwamuru asiviguse tena, akanawe mikono kwa sabuni. Alishangaa, na labda ninyi nanyi mwashangaa.

Kimoja cha vile vitano kilikuwa na shingo ndefu, na shingoni mwake mlikuwa na kitu cheusi kilichokauka kama lami. Hiyo ni sumu. Wawindaji wa kale walipenda kuipaka nyuma ya ncha, wala si nchani penyewe, ili mtu asijichome ovyo anapotia mkono podoni. Katika nchi nyingi za Afrika sumu hiyo hutoka katika mbegu za mmea utambaao, ambao wataalamu huuita kwa Kilatini Strophanthus, nayo husimamisha moyo. Msidhani kwamba miaka huiua upesi. Mishale iliyolala makumbusho kwa makumi ya miaka imeonekana ingali na nguvu. Dk. John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya namna hii bila kufikiri. Alipousugua menoni alionja uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Baadaye Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza sumu hiyo, ikapatikana dawa ya moyo. Lakini dawa hupimwa na mganga, na kigumba hakikupimwa na mtu. Basi ukiona weusi shingoni, usiukwangue wala usiusugue kwa mchanga. Kifunge katika karatasi nene, andika juu yake neno SUMU, ukiweke mbali na watoto.

Mikono ilipokwisha kunawiwa, tulivisoma vigumba vile kama mtu asomavyo kitabu.

Tulianza nyuma, si mbele. Kigumba kingine kina mkia mwembamba ulioingizwa ndani ya uti, ukafungwa kwa kano. Kingine kina kikombe: mhunzi amelikunja bati la chuma likawa kama bomba, na uti ndio unaoingia. Kisha tulitazama uso. Chuma cha mhunzi hakilingani. Hapa kinene, pale chembamba, na alama za nyundo huonekana ukikiinamisha penye mwanga. Kimoja kilikuwa na umbo la jani, na nusu moja ya uso wake imeinuka, nusu ya pili imebonyea, na upande wa nyuma ni kinyume chake. Hilo si kosa la fundi. Jani jembamba likipindwa hivyo halikunjiki upesi. Cha nne, ambacho kijana alikipenda kuliko vyote kwa kuwa kimenyooka vizuri, kilikuwa msumari wa kiwandani uliopondwa! Nacho kina habari yake: babu aliona msumari wa Wazungu, akaufanya wake.

Matumizi yake nayo yana elimu. Risasi hupiga kwa kishindo, bali kigumba kipana hukata tu, na mnyama hufa kwa kutokwa na damu. Kwa hiyo kikiwa butu ni ukatili. Mwindaji mwenye dhamiri alikinoa, akanyatia mpaka karibu, akangoja mnyama ageuze ubavu, akalenga mapafu nyuma ya bega. Alipokwisha kupiga hakukimbia nyuma yake, alikaa kimya, maana mnyama asiyefukuzwa hulala karibu. Kigumba chenye meno yanayorudi nyuma kiliwekwa ili kisitoke mwilini, hasa kilipobeba sumu. Wakristo wengi hudhani Mtakatifu Sebastiani aliuawa kwa mishale. Mapokeo yasema sivyo: aliachwa kama maiti, mjane Irene akamwuguza akapona, kisha akauawa kwa marungu. Mshale usiopata mahali pake huacha mateso tu.

Nasema hayo ili tuelewe kazi ya wazee, si kwamba vijana wakaingie porini. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 yataka kibali, na ndani ya hifadhi za Upemba na Kundelungu hakuna ruhusa ya kuwinda.

Huko Marekani wako watu wanaokusanya vigumba vya viwandani vya zamani, wakajua kila kimoja kilitengenezwa na nani na mwaka gani. Kimoja kinachosifiwa sana, cha Fred Bear, kilianza kuuzwa mwaka 1956 tu. Sisi tunauza kwa kilo kazi ya watu ambao masimulizi yao ya ufalme wa Waluba humtaja mwindaji, Mbidi Kiluwe, na ambao wafalme wao walikuwa na kiweko cha upinde kilichochongwa kwa ufundi mkubwa! Kule Kamilamba, katika bonde la Upemba, wachimbaji wa mambo ya kale waliona kaburi la zaidi ya miaka 1,000, na ndani yake fuawe ya chuma imezikwa pamoja na mwenyewe. Mhunzi hakuwa mtu mdogo.

Basi nilimjibu kijana habari ya bei. Tulivipima kwa mizani ya dukani: havikufika nusu ya kilo. Hakuviuza. Alichora kila kimoja katika daftari, urefu na upana wake, akaandika kilikotoka, kisha akampelekea mjomba wake barua yenye michoro ili apate majina kwa Kiluba na kazi ya kila kimoja.

Jibu lilifika Jumatatu. Vinne vimepata majina. Cha tano, chenye umbo la mwezi mchanga, mjomba hakukitambua, akapita kwa wazee watatu wa kijiji, nao hawakukitambua. Wote walimjibu neno moja: hilo angelijua marehemu.