Mkulima na Ulinzi wa Nchi

Kuna watu wenye kusema: "Kazi ya mkulima ni jembe. Mambo ya jeshi ni ya wakubwa wa Kinshasa." Kwao, maandamano ya tarehe 4 Desemba 2022, yaliyoitishwa na Maaskofu wetu katika Kongo nzima kupinga vita ya mashariki, yalikuwa kujiingiza katika siasa. Mlima mihogo wa Masako, wauliza, vita ya Beni yamhusu nini?

Yamhusu sana! Shamba lisilolindwa si shamba, ni mtego. Waulizeni watu wa Beni na Irumu. Miaka mingi wauaji wa ADF wamewavizia mashambani. Kakao yaiva, aliyeipanda amekimbia. Tarehe 1 Februari 2023, mbele ya Baba Mtakatifu Fransisko huko Kinshasa, kijana mkulima wa upande wa Eringeti aliweka chini ya Msalaba panga, mfano wa lile lililomwua baba yake. Panga ni chombo cha kufyekea!

Na sisi wa Kisangani tusijifanye wageni wa habari hizi. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katika mji wetu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Lakini fedha haifufui mtu.

Wengine wasema: "Basi kila kijiji kipewe bunduki, kijilinde." Tangu Rais alipowaita vijana, Novemba 2022, waunde vikundi vya ulinzi, wengi wameshika silaha kwa jina la Wazalendo. Hatudharau uchungu wao. Lakini bunduki isiyo na mshahara hula kwa jirani: leo yamfukuza adui, kesho yafunga njia na kudai ushuru wa kila kikapu. Wazee wetu wawakumbuka Simba wa 1964. Nao walikuwa watoto wa vijiji, nao walisema wanawaletea wanyonge haki. Mikononi mwao Mwenye Heri Anuarite aliuawa, Isiro, tarehe 1 Desemba.

Parokia ya Komanda ina jina lake. Huko, Julai 2025, ADF waliwaua waamini zaidi ya 30 waliokuwa wakikesha katika sala, ingawa Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Basi kinachokosekana si amri kali wala bunduki nyingi. Anakosekana askari aliyelipwa, aliyelishwa, mwenye mkuu asiyekimbia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulimhesabu askari kuwa mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Mtumishi huulizwa hesabu, na mwenye kulipa ushuru sokoni ana haki ya kuuliza.

Ndugu Mkristu, ukiitwa tena kuandamana, nenda. Dai mambo matatu: mshahara wa askari ufike mkononi mwake, mkubwa anayekula posho yake ahukumiwe, na jeshi liwe karibu na mashamba wakati wa kupanda na kuvuna. Lakini usishike jiwe, wala usimwinde jirani kwa sababu ya sura yake au lugha yake. Mwenye kuandamana hivyo hadai ulinzi wa nchi. Anaongeza adui mmoja, naye ni yeye mwenyewe.